Kabla ya kununua fulana ya kunyoosha mgongo, kiangalie kwanza kiti chako

MAUMIVU ya mgongo hayabagui. Humpata karani anayeshinda mbele ya kompyuta, dereva wa matatu aliyekalia usukani tangu alfajiri, fundi cherehani aliyeinamia mashine yake, bawabu aliyesimama langoni usiku kucha na mama anayebeba mtungi wa maji hadi orofa ya nne kwa sababu mfereji umekauka. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba ifikapo 2050 watafika milioni 843. Hakuna hali nyingine inayowafanya watu wengi zaidi washindwe na shughuli zao za kila siku.

Penye wagonjwa wengi hapakosi wauzaji wa dawa. Tuliuziwa mikanda ya kiuno, magodoro ya kila aina na mafuta ya kuchua. Sasa bidhaa mpya inapigiwa debe katika intaneti: nguo yenye akili. Twaambiwa kwamba ni fulana inayojua umekaaje, inayokugutusha ukijikunja, na ambayo baada ya majuma machache itakuachia mgongo ulionyooka kama mlingoti.

Mimi siipingi sayansi iliyomo katika nguo hii. Ninachopinga ni ahadi inayoshonwa juu yake. Kabla hujatoa maelfu ya shilingi ulizozichuma kwa jasho, yafaa ujue nguo hii inaweza nini, haiwezi nini, na ni nani atakayefaidika ukiivaa.

Nguo yenyewe ni ipi?

Kwa kuitazama tu, ni fulana ya kubana kama ile wanariadha wanayovaa ndani ya jezi. Lakini katika ufumaji wake mna nyuzi zinazopitisha umeme. Baadhi zimepakwa madini ya fedha, nyingine ni za chuma chembamba kisichoshika kutu, na nyingine zimetiwa mpira uliochanganywa na kaboni. Nyuzi hizi hupitishwa mgongoni, mabegani na kiunoni. Ukiinama, kitambaa huvutika, na kikivutika, njia ya umeme nayo hubadilika. Mabadiliko hayo madogo ndiyo yanayopimwa. Wataalamu huziita nyuzi hizo vihisi, kwa sababu huhisi kunyooka na kukunjika kwa mwili.

Pembeni hubandikwa kijisanduku chenye betri, ambacho hukusanya vipimo na kuvirusha kwenye simu kwa mawimbi ya redio. Aghalabu kijisanduku hicho pia huwa na kipimo cha mwinamo, sawa na kile kinachoiwezesha simu yako kutambua kwamba umeilaza ubavu. Ukikaa umejikunja kupita muda uliowekwa, kijisanduku au simu hutikisika kukukumbusha ujinyooshe.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1996 mtaalamu wa nguo Sundaresan Jayaraman na wenzake katika chuo cha Georgia Tech, Marekani, walianza kufuma fulana kwa fedha za jeshi la majini la nchi hiyo. Walipitisha katika kitambaa nyuzi zinazobeba mwanga, ili askari akipigwa risasi ijulikane mara moja imempenya wapi, na mpigo wa moyo wake usomwe akiwa mbali. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, Danilo De Rossi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, walikuwa wakikipaka kitambaa cha kuvutika kemikali inayopitisha umeme, wakatengeneza glavu inayofuata mwendo wa vidole. Vazi la kupima mkao wa mgongo ni mjukuu wa kazi kama hizo.

Lakini kipimo kilicho ndani ya kitambaa kina taabu zake. Fulana ikiteleza kidogo juu ya ngozi, hupima kilichotendeka kwenye kitambaa, si kilichotendeka mgongoni. Jasho hupitisha umeme, kwa hiyo linaweza kuchanganya hesabu. Kitambaa kilichovutika mara elfu moja hakirudi sawasawa kilivyokuwa siku ya kwanza. Tena kuna ufuaji. Nyuzi zilizopakwa fedha hazipendi dawa kali za kung'arisha nguo, na mikono yetu iliyozoea kusugua kola kwa nguvu zote haitazihurumia. Wala ukisahau kukitoa kijisanduku kabla ya kuloweka nguo, usitarajie kukikuta kizima.

Hayo ni matatizo ya ufundi, na mafundi wanaendelea kuyapunguza mwaka baada ya mwaka. Kuna tatizo kubwa zaidi ambalo halimo katika kitambaa kamwe.

Mkao ulio sawa ni upi?

Ili fulana ikuambie kwamba umekaa vibaya, sharti mtu fulani awe ameiambia kukaa vizuri ni kupi. Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliowaonyesha wataalamu 295 wa tiba ya viungo, katika nchi nne za Ulaya, picha za mikao tisa ya kukaa. Waliwauliza ni upi ulio bora. Wengi wao waligawanyika kati ya mikao miwili, na mikao hiyo miwili haikufanana. Ikiwa mabingwa wenyewe hawakubaliani, je, aliyeipangia fulana yako sheria alimsikiliza nani?

Wengi wetu tulifunzwa tangu shuleni kwamba kukaa wima kama askari wa gwaride ndiko kunakoupumzisha mgongo. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya kipimo kilichowekwa ndani ya kisahani laini kilicho kati ya pingili za uti wa mgongo wa mtu aliyejitolea. Alipokaa akijikaza kuunyoosha mgongo, shinikizo ndani ya kisahani lilikuwa kubwa kuliko alipojiegemeza kivivu kwenye kiti. Katika kujiegemeza huko lilishuka hadi karibu nusu. Alipokaa ameinama sana mbele pasipo kuegemea kitu, lilipanda zaidi ya hapo. Ni kweli kwamba huyo ni mtu mmoja tu, na hatuwezi kumjengea kanuni ya wanadamu wote. Hata hivyo kipimo hicho chatosha kutuonya kwamba "wima" na "salama" si maneno yenye maana moja.

Chukua pia habari ya shingo na simu. Mwaka 2014 daktari mpasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa kompyuta akaonyesha kwamba shingo iliyoinama nyuzi 60 hubeba uzito wa kilo 27 hivi. Hesabu hiyo ilizunguka ulimwengu mzima, na wazazi wengi wakaitumia kuwakemea watoto wao. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Brazil waliwachunguza vijana 150 wa umri wa miaka 18 hadi 21, wakalinganisha namna walivyoinamia simu na maumivu ya shingo waliyokuwa nayo. Hawakupata uhusiano kati ya hayo mawili. Hesabu ya kompyuta ni kitu kimoja, na shingo ya mtu aliye hai, yenye misuli inayozoea kazi, ni kitu kingine.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi mtu ajikunje kama kamba akidhani hatadhurika. Kuinama saa nyingi bila kupumzika huchosha misuli, na kubeba mizigo mizito kila siku huumiza. Ninachosema ni kwamba adui mkubwa wa mgongo wa mtu wa ofisini si pembe ya mgongo wake. Ni kutuama. Mwili uliokaa wima saa tano mfululizo bila kusogea utalalamika kama ule uliokaa umejikunja saa tano.

WHO ilipotoa mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya mgongo yasiyokoma, ilipendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi ya viungo, baadhi ya tiba za mikono kama kukandwa, pamoja na msaada wa kisaikolojia kwa wanaouhitaji. Ilishauri kwamba mikanda na vishikizo vya kiuno visitolewe kama tiba ya kawaida. Fulana yenye vihisi si mkanda, maana haikushikilii, inakukumbusha tu. Lakini inauzwa kwa imani ile ile ya kale, kwamba kitu cha kuvaa kitafanya kazi ambayo misuli yako imekataa kuifanya.

Inapofaa

Haki ni haki. Kuna mahali ambapo kipimo kinachovaliwa kimeonyesha thamani yake. Wako watoto na vijana ambao uti wao wa mgongo hupinda upande wanapokua. Wengine hupewa vazi gumu la kuuzuia usizidi kupinda. Kwa miaka mingi madaktari walibishana kama vazi hilo linasaidia, na sababu moja ya ubishi ni kwamba hakuna aliyejua mtoto amelivaa kwa saa ngapi hasa. Watoto walisema wamelivaa, nalo lilikuwa chini ya kitanda.

Uchunguzi mkubwa uliochapishwa 2013, uliofanywa Marekani na Kanada, uliweka ndani ya mavazi hayo kipimo kidogo cha joto. Joto la mwili lilionyesha ukweli. Katika waliopewa vazi, asilimia 72 walifikia ukomavu wa mifupa bila uti kupinda hadi kiwango cha kuhitaji upasuaji. Kwa wale waliotazamwa tu bila vazi, ilikuwa asilimia 48. Na kadiri mtoto alivyolivaa saa nyingi kwa siku, ndivyo alivyofaulu zaidi.

Tazama kipimo kilifanya nini hapo. Hakikumkemea mtoto wala hakikumtikisa. Kilimpa daktari habari za kweli ambazo angezikosa. Vivyo hivyo mtaalamu wa tiba ya viungo anayemtibu mtu aliyepooza upande mmoja, au anayemfundisha mpagazi namna ya kuinua gunia, anaweza kufaidika na nguo inayomwonyesha mgonjwa anafanya nini akiwa nyumbani. Katika mikono ya mjuzi nguo hii ni chombo kizuri. Ikiwa mikononi mwa mtu aliyeachwa peke yake na tangazo la biashara, huenda ikawa kengele ya kumsumbua tu. Watu huzizoea kengele haraka. Juma la kwanza mtu hujinyoosha kila anapotikiswa, juma la tatu huikaza meno, na mwezi wa pili huizima.

Hatari nyingine ni kwamba fulana inaweza kumfumba mtu macho asione ugonjwa halisi. Mtoto anayeota kibiongo huenda hana uvivu wowote wa kukaa. Humu nchini kifua kikuu kingali kipo, na kinaposhika uti wa mgongo hula pingili na kuufanya mgongo utokeze. Mtoto wa namna hiyo anahitaji picha ya eksirei na dawa za miezi mingi. Kumkaripia "kaa wima", kwa mdomo au kwa fulana, ni kumpotezea wakati.

Nani ataivaa, na kwa faida ya nani?

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Tuseme kampuni inayopokea simu za wateja inawagawia wafanyakazi wake 200 fulana hizi na kusema inawajali. Kwa mwezi mmoja kila mtu anatikiswa anapojikunja. Mwisho wa mwezi msimamizi anafungua kompyuta na kuona orodha: fulani amekaa vizuri kwa asilimia 80, fulani kwa asilimia 40. Huyo wa pili akienda kulalamika kwamba kiti chake kimevunjika egemeo, ataambiwa nini? Ataambiwa kwamba fulana imeonyesha kosa ni lake.

Hivyo ndivyo mzigo unavyohamishwa kimya kimya kutoka begani mwa mwajiri hadi begani mwa mwajiriwa. Sheria yetu imeuweka mahali pengine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mahali pa kazi, vifaa na kazi yenyewe vimerekebishwa vimfae mfanyakazi. Haisemi mfanyakazi arekebishwe akifae kiti. Sheria hiyo inamzuia pia mwajiri kumtwika mtu mzigo ambao uzito wake unaweza kumdhuru, na inataka wale wanaofanya kazi wakiwa wamesimama wawekewe mahali pa kukaa nafasi ya kupumzika inapopatikana.

Nenda leo katika maduka makubwa ya mijini utazame keshia na walinzi. Wangapi wana kiti? Nenda katika viwanda vya nguo vya eneo la EPZ huko Athi River uwaulize washonaji viti vyao vina egemeo gani. Kwa watu hawa fulana yenye akili ni kichekesho. Hawakosi kukumbushwa kwamba mgongo unauma, kwa kuwa mgongo wenyewe huwakumbusha kila jioni. Wanachokosa ni kiti, meza ya kimo kinachofaa, na dakika chache za kusimama bila kukatwa mshahara.

Tena kuna habari zinazokusanywa. Nguo inayojua ulivyokaa inajua pia uliondoka kitini saa ngapi, ulikaa msalani muda gani, na huenda ikabashiri una maumivu ambayo hujamwambia mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, na inataka zisikusanywe wala kutumiwa ovyo. Mfanyakazi ana haki ya kuambiwa zinakusanywa kwa nini na nani atazisoma. Lakini ridhaa ya mtu anayeogopa kupoteza kibarua chake ni ridhaa ya aina gani? Maoni yangu ni kwamba mwajiri akitaka kuleta nguo hizi, vipimo vyake visomwe na mvaaji na mtaalamu wa afya peke yao. Ofisi ya wasimamizi isivione kabisa. Na kabla ya fulana ya kwanza kugawiwa, viti vikaguliwe.

Ufanye nini basi?

Habari njema ni kwamba mengi yanayoufaa mgongo hayana bei. Badilisha mkao kila baada ya nusu saa hivi. Simama unapopokea simu. Mfuate mwenzako mezani kwake badala ya kumtumia ujumbe. Ukiwa na haraka kidogo tu, shuka kituo kimoja kabla ya chako umalizie kwa miguu. WHO inapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, na kutembea kwa kasi kunahesabiwa.

Kiti chako kikiwa kirefu, weka kitu imara chini ya miguu ili nyayo zisining'inie. Kikiwa hakina egemeo la kiuno, taulo lililokunjwa litasaidia. Kompyuta ndogo iliyo chini mno inaweza kuinuliwa kwa vitabu, mradi uwe na kibodi ya pembeni. Kanuni nzuri ni hii: mkao bora ni ule unaofuata, yaani usiukae wowote kwa muda mrefu.

Maumivu ya kawaida ya mgongo huanza kupungua baada ya majuma machache, na kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Lakini usikawie kwenda hospitalini ukiona dalili hizi: mguu kulegea au kuzidi kufa ganzi, ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo na choo, homa, kukonda bila sababu, maumivu yanayozidi usiku, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka. Hakuna fulana wala mkanda wa kutibu hayo.

Na kama bado moyo wako unaitamani nguo hii, muulize muuzaji maswali manne. Imejaribiwa kwa watu wenye maumivu kama yangu, kwa muda gani? Ikifuliwa mara 50 itapima sawa? Vipimo vyangu vinahifadhiwa wapi, na nani mwingine anaviona? Betri au programu yake ya simu ikikoma kuhudumiwa, nitabaki na nini isipokuwa fulana ya kubana? Akijibu yote bila kubabaika, nunua kwa hiari yako. Akianza kukuonyesha picha za warembo waliokaa wima, funga mkoba wako.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kinga ya mgongo wa mfanyakazi wa Kenya huanza na mwajiri anayetii sheria, meza inayolingana na mtu, na ruhusa ya kuinuka. Wakaguzi wa usalama kazini wakumbushwe hivyo, na vyama vya wafanyakazi vidai hivyo vinapoketi na waajiri kujadili mishahara. Kiti kizuri nacho kiwe katika orodha ya madai, si nyongeza ya pesa peke yake.